Tulivyochoma Mafuta Mpaka Yakawa Meupe

Ninyi watu wa hospitali mnaovaa blauzi nyeupe leo na kupita kunisalimia nyumbani, swali lenu ni lile lile: wakati ule wa shida mlifanyaje kazi, dawa hamna, mshahara hamna? Nami huwajibu kwamba tulifanya kazi kwa mdomo. Mnacheka, mnadhani natania. Sitanii hata kidogo. Mzani tulikuwa nao, mkasi tulikuwa nao, na siku nyingine hata dawa ilikuwepo. Lakini kifaa nilichokitumia kuliko vyote katika miaka yangu ya kupima watoto pale Panda, mjini Likasi, ni huu mdomo wangu, kwa kusema na kwa kula. Kwa kula hasa, kama mtakavyoona.

Kazi yangu akina mama waliiita "kilo". Utamsikia mtu anasema, "Naenda kupeleka mutoto ku kilo." Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye ile suruali ya kamba, anatundikwa kwenye mzani, analia, anamkojolea muuguzi, uzito unaandikwa, mama anaambiwa maneno mawili matatu juu ya chakula, basi, mwingine aje. Wengi wenu mlinikojolea. Majina siyataji kwa sababu wengine wenu sasa ni madaktari na mna heshima zenu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mafuta. Kambi za Panda zilijengwa na Kampuni ya shaba, na Kampuni ililisha watu wake. Kila mwezi mtu alipewa unga, samaki, maharagwe, na mafuta meupe ya chupa, safi, unayaona mpaka upande wa pili. Watoto wa kambini walikua hivyo, wakadhani mafuta yote ya duniani huzaliwa meupe. Miaka ya tisini ilipofika na kila kitu kikaanza kubomoka, mishahara ikawa ya kusikia tu, kantini ikafungwa, na mafuta yaliyobaki sokoni yakawa yale mekundu ya mawese, yaliyoshuka na treni kutoka upande wa Kamina ndani ya madumu. Na mafuta mekundu, kwa mke wa mfanyakazi wa Kampuni, yalikuwa aibu. Hicho kilikuwa chakula cha watu wa kijijini. Mume kukosa mshahara, hilo lilisemwa waziwazi barabarani. Mboga kuonekana nyekundu ndani ya sahani, hapana, watu wangesema nini?

Basi akina mama wa Panda wakavumbua ufundi wao. Unamimina mafuta mekundu ndani ya sufuria, unaweka juu ya mbabula, jiko letu la bati lililojaa makala, yaani makaa, unafunika, unangoja. Yanatoa moshi, huepui. Yanatoa moshi mzito wa kuchoma macho, bado huepui. Yanageuka ya njano, yanageuka ya rangi ya chai hafifu, halafu unatupa kipande cha kitunguu kuondoa harufu, unaepua ukiwa unakohoa na machozi yanatiririka, na hapo umepata mafuta meupe kama ya Kampuni. Kila siku saa kumi ya jioni kambi nzima ilikuwa chini ya moshi. Siku moja mgeni kutoka Lubumbashi aliuona kwa mbali akakimbia kuita wazima moto. Akaja mmoja, kwa baiskeli, amebeba ndoo tupu kwa sababu gari halikuwa na mafuta na bomba halikuwa na maji. Alinusa huku na huku, akauliza ni nyumba gani inayokaanga samaki, akakaa, akala, akaenda zake.

Mimi na cheti changu cha lishe nilijua wanachokichoma. Ule wekundu wenyewe ndio mali. Ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ile inayofanya jicho lione mwanga ukiwa mdogo, inayolinda ngozi na koo na utumbo, inayomsaidia mtoto asiuawe na surua au na kuhara. Ukiyachoma mafuta mpaka yakawa meupe, vitamini imekwenda na moshi. Fikirini: mtu hana mshahara, ana dawa ya macho ya watoto wake ndani ya dumu, halafu anatafuta makala aichome.

Nikafanya walichonifundisha shuleni. Nikachukua picha kubwa yenye papai, karoti na jicho, nikasimama katikati ya barabara ya kambi, nikahubiri. Walinisikiliza kwa adabu zote. Nilipomaliza, mama mmoja mrefu, kitambaa cha kichwani kimesimama vizuri, akaniambia mbele ya wote:

"Mama Léontine, aksanti sana. Mais minye niko bibi ya kapita. Ile mafuta ya bantu ba ku mugini, weye unikulie."

Yaani hayo mafuta ya watu wa kijijini niyale mimi kwa niaba yake. Huyo alikuwa Mama Régine. Mume wake, Papa Ilunga, alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kikosi katika karakana, na mafuta ya Mama Régine ndiyo yaliyokuwa meupe kuliko yote ya barabara ile. Alipomwazima jirani kichupa cha mafuta, alikibeba bila kukifunika ili watu wapate kuona. Saa kumi ikigonga, moshi wake ulikuwa wa kwanza kupanda.

Nilirudi kituo cha afya nimenuna. Pale kituoni tulikuwa na mkunga wa zamani, Mama Thérèse, mnene, mpole, asiye na haraka na kitu chochote ila chakula. Aliniuliza nimekula kwa nani. Nikamwambia sikula kwa mtu, nilikwenda kufundisha. Akatikisa kichwa.

"Unaingia mu kiwanja ya muntu, haukule, alafu unamuambia mafuta yake ni mubaya? Angekutupia mbabula, ningemupa haki. Mbele kula. Sifu. Alafu utasema."

Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa. La pili lilikuwa juu ya kuuliza. Mimi niliwauliza akina mama: je, mtoto anaona vizuri? Wote walijibu anaona vizuri sana. Mama gani atakubali mbele za watu kwamba mtoto wake haoni? Mama Thérèse hakuuliza hivyo. Aliuliza: jua likiingia, mtoto anafanya nini? Halafu alinyamaza na kusikiliza.

Siku moja ya kilo akamuuliza Mama Régine, aliyekuwa amemleta binti yake Nadine, mtoto wa miaka minne. Mama Régine akajinyoosha.

"Wangu? Wangu eko na adabu. Jua ikiingia, batoto ba bengine banakimbiaka mu barabara sawa mbuzi. Nadine anaikalaka ku mulango, kimya. Hasumbue muntu."

Akina mama wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena nikawaambia wengine waige malezi hayo. Mama Thérèse hakupiga. Aliacha kutafuna karanga zake, na kwa yule mama kuacha kutafuna lilikuwa jambo kubwa. Akaninong'oneza: "Mutoto wa myaka ine, adabu yake inafikaka na mangaribi tu? Leo tutakula kwabo."

Tulifika jua linazama. Mama Régine alishtuka kidogo kuona wageni, lakini nyumba ya kapita haiwezi kukosa kupokea. Akasonga bukari, ugali wetu, akaleta sombe, yaani kisamvu, lililopikwa kwa mafuta yale meupe, na ndagala, samaki wadogo wakavu, wachache juu yake. Mama Thérèse alikula, akasifu bukari, akasifu sombe, akasifu hata sahani. Nadine alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya magoti, anatabasamu peke yake. Mwanga ulikuwa umepungua lakini sisi tuliona vizuri: niliweza kuhesabu vifungo vya gauni lake.

Mama Thérèse akatoa karanga ndani ya kitenge, akaziweka juu ya mkeka, hatua moja tu mbele ya mtoto. "Nadine, kamata kalanga."

Mtoto akafurahi. Akanyoosha mkono, akapapasa upande wa kushoto. Karanga zilikuwa kulia. Mama Régine akacheka, akasema anacheza. Mtoto akapapasa tena, akagusa mguu wangu, akauvuta kidogo kama anayeuliza. Mama Régine akaacha kucheka.

"Nadine, angalia muzuri. Iko hapo mbele yako."

"Mama, mwangaza ilisha kwenda," mtoto akasema, bila huzuni yoyote. "Shi bote tunangoyaka asubui?"

Wanangu, nimesikia maneno mengi katika kazi hii, lakini hayo yalinichoma. Mtoto alidhani ni watu wote. Alidhani kila jioni dunia nzima inakaa mlangoni na kungoja kuche. Mama Régine aliinuka, akakaa, akainuka tena, halafu akamkamata Mama Thérèse mkono na kuuliza kama mtoto wake atakuwa kipofu.

Mama Thérèse hakumdanganya. Alimwambia macho bado mazima, sasa yanashindwa jioni tu. Lakini wakiacha hivyo, jicho litakauka, baadaye litapata kidonda hapo kwenye mboni, na likifika hapo hakuna dawa ya kulirudisha. Kuna nafasi, akasema, ila si ya kuchezea.

Asubuhi yake walikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kufungua. Tulikuwa tumebakiwa na vidonge vyekundu vichache ndani ya kopo, vile vyenye mafuta ndani na kincha kama cha chuchu. Hivi ndivyo tulivyofanya, nanyi mshike: mtoto hamezi kidonge kizima. Unakata kile kincha kwa mkasi, unakamua ndani ya mdomo wake, ukisubiri kwanza anyamaze, maana mtoto anayelia na kichwa kimerudi nyuma anaweza kupaliwa. Kwa macho yaliyokwisha kuugua tulitoa siku hiyo, kesho yake, na tena baada ya majuma mawili. Kwa mtoto mzima tulitoa mara moja, kisha tukangoja karibu nusu mwaka. Wachanga walikuwa na kipimo chao kidogo. Msifuate kichwa changu cha uzeeni. Tazameni maagizo mnayopewa leo. Ninachosema ni kwamba kipimo ni kipimo.

Mlinzi wetu alipoona dawa ya macho, naye akaomba moja ili awaone vizuri wezi wa usiku. Nikamwambia vitamini A haimsaidii mtu anayelala zamu nzima, aanze na kufumbua macho.

Mama Régine naye akaomba ya kwake. Tumbo lake lilikuwa limekwisha kuonekana, mtoto wa sita huyo. Nikakataa. Kidonge kile kizito si cha mwenye mimba, kinaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Yeye chakula: mboga za majani, embe, papai, mafuta mekundu. Aliniwakia mpaka watu wakasimama barabarani.

"Munachungia dawa ba bibi ba maenjiniere! Minye munanipa majani sawa mbuzi!"

"Ndiyo, sawa mbuzi," nikamjibu, maana na mimi nilikuwa na mdomo. "Ulisha kuona mbuzi inagonga ukuta mangaribi?"

Tuliachana hivyo. Nadine alipata dawa yake yote, na nikaanza kupumua. Kumbe Mama Régine alikuwa amepiga hesabu zake mwenyewe: kama vidonge vitatu vinaponya, vinne vitaponya zaidi. Siku chache baadaye akabadili kitambaa cha kichwa, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa miguu mpaka kwenye zahanati moja upande wa Kakontwe, ambako hawakumjua, akapanga foleni.

Jioni yake aliniletea mtoto anatapika, kichwa kinamuuma, hataki hata kuguswa. Nikauliza amekula nini. Hakuna. Amekunywa dawa gani? Hakuna, hata moja, Mungu shahidi. Nadine, kichwa begani kwa mama yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Kule jina yangu ilikuwa Solange."

Sikucheka siku ile. Nacheka sasa. Siku ile nilimsema Mama Régine mpaka sauti ikanikauka, kwa sababu niliogopa. Sikilizeni: kuna vitamini ambazo ukizizidisha unazikojoa, mambo yanaisha. Hii siyo. Hii inakwenda na mafuta, na ini linaiweka akiba, na akiba ikizidi mno inakuwa sumu. Kichwa kinauma, mtoto anatapika, kwa mtoto mchanga utosi unavimba. Ndiyo maana hata maini, ambayo ni chakula kizuri sana cha vitamini hii, mwenye mimba hatakiwi kuyala ovyo. Lakini ile ya papai, embe, majani na mawese mwili unaigeuza kidogo kidogo kadiri unavyohitaji. Mzee mmoja wa parokia yetu alikula papai na karoti mpaka viganja vikawa vya njano, familia ikamlilia ikidhani ini limeharibika; akapunguza papai, viganja vikarudi. Hiyo ndiyo tofauti ya chakula na kidonge.

Tulikaa na Nadine mpaka kutapika kukaisha. Mama Thérèse akamletea Mama Régine chai, akakaa karibu naye, akamwambia: "Dawa ilimaliza kazi yake. Ile ingine iko ku dumu yako. Acha kuchoma."

Mama Régine akalia. Si kwa ajili ya mafuta, alisema. Mafuta mekundu alikuwa tayari kuyanywa kwa kikombe. Shida yake ilikuwa moshi. Saa kumi ikipita na kwake hakuna moshi, barabara nzima itajua kwamba nyumba ya kapita imeanguka.

Mngemjibu nini? Vitabu vyenu vina ukurasa wa jambo hilo? Mama Thérèse alifikiri, akatafuna, akasema: "Basi, choma kijiko kimoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi Mama Régine aliweka nje sufuria kuukuu yenye kijiko kimoja cha mafuta, ikatoa moshi, naye akasimama kando yake akikohoa ili majirani wasikie. Ndani, sombe liliiva taratibu, na mafuta mekundu yalimiminwa mwishoni, bila kuunguzwa. Na hapo msisahau: majani yaliyopikwa bila mafuta hayampi mtoto faida yake yote, maana vitamini hii inapenda kupanda mafuta ndipo ifike. Lengalenga, yaani mchicha, matembele, sombe, vyote viwekeeni mafuta kidogo.

Nikaapishwa kunyamaza. Nikanyamaza, nikaenda nyumba ya pili, nikala, nikasifu, ndipo nikasema. Mama wa pili akakubali, akauliza juu ya moshi, nikampa dawa ya kijiko, naye akaniapisha. Nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Katika miaka ile watu wote wa Likasi walikonda isipokuwa mimi. Mvua zilipoanza, nusu ya barabara ilikuwa inachoma kijiko kimoja kimoja, kila mama anakohoa kwa ajili ya jirani yake, na jirani anakohoa kwa ajili yake.

Siri ilivunjwa na mvua. Ilinyesha ghafla saa kumi, ikazima mbabula zote, ikamkuta Mama Régine barabarani, naye akakimbilia kwenye nyumba ya karibu, kwa Mama Charlotte. Akamkuta mezani na watoto wake, midomo yote imekuwa ya rangi ya mawese. Walitazamana. Mama Charlotte akajifuta mdomo kwa kitambaa, akasema, "Ni pilipili." Mama Régine akavuta kiti, akakaa, akasema, "Basi na minye unipe kapilipili." Tangu hapo moshi ukaanza kupungua, na mimi nikaanza kukonda.

Nilikwenda tena kwake jioni moja baada ya hapo. Nilisema nakwenda kuangalia mtoto. Ukweli nilikwenda na kwa ajili ya sombe. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya mabomba ya kiwanda. Nadine alikuwa mlangoni, pale pale pa siku zote. Mama Régine alikuwa anapakua, ananiangalia mimi, anamwangalia mtoto, hataki kuuliza.

Mara Nadine akasimama. "Papa!"

Tukatazama barabarani. Hapakuwa na mtu.

"Papa eko nyuma ya mupapayi," akasema. "Anajificha. Minye naona kofia yake."

Ule mpapai ulikuwa kule kwenye kona, na mimi mwenyewe nilipaswa kukaza macho. Papa Ilunga, kapita mzima, akatoka nyuma yake polepole. Nadine alikuwa amekwisha kuondoka. Aliruka mfereji kwa miguu miwili, akapita katikati ya kuku wa watu, akamfikia baba yake na kumshika suruali. Mama Régine alisahau mwiko mkononi, tonge la bukari likamdondokea mguuni, naye hakuona.

"Papa, ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuwa nakojoa," akasema Papa Ilunga.

Ukweli alituambia baadaye, tulipokaa kula uwanjani. Kila magharibi alirudi kutoka karakana bila kitu mkononi. Kila magharibi alipita mbele ya binti yake mlangoni, na mtoto hakumsalimu, hakumtazama hata. "Nilizania alinikasirikia," alisema. "Nikasema, anajua baba yake harudishe tena mukate. Njo maana naanza kuikala nyuma ya ule muti, nangoya mpaka anaingia kulala. Nilikuwa na haya." Hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri kwamba mtoto hakuwa anamwona, kwa sababu mambo ya kilo yalikuwa ya wanawake, na yeye hakuuliza.

Mama Régine akamwongezea mume wake bukari. Mama Thérèse angejua la kusema, lakini siku ile sikuwa naye, kwa hiyo nikala tu. Giza lilikuwa linaingia. Nadine alikaa mapajani kwa baba yake, na katika ule mwanga uliobaki alikuwa anachukua ndagala kutoka kwenye sahani ya baba, mmoja mmoja, haraka, bila kupapasa na bila kukosa. Papa Ilunga alimwona vizuri. Akaisogeza sahani karibu naye, akawa anakula bukari kavu.